Vidonge vya Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wetu wa kwaya hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Mara ya kwanza nilipoimba mbele yake alinikatiza kabla ubeti haujaisha, akaniuliza kama kwetu kuna mtu mwingine anayeimba. Nikamwambia mama yangu huimba. Akasema, "Basi kesho mtume yeye."

Nilienda nyumbani nikilia. Wiki iliyofuata nilirudi kwake, kwa sababu hapa Nunguni hakukuwa na mtu mwingine aliyeweza kukutoa sauti usiyojua kama unayo. Nilikaa kwenye alto yake mpaka watoto wangu wakawa wakubwa, na sijawahi kumsikia akisema tumeimba vizuri. Tukiimba vizuri alinyamaza, akavaa kofia yake, akaenda nyumbani. Siku hizo tuliangaliana kama watu walioshinda kesi.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na sweta moja ya kijivu ambayo ukungu wa huku kwetu ulikuwa umeizoea. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kitalu cha miche ya avokado, ng'ambo ya barabara kutoka duka langu la mbegu na dawa za mifugo. Kutwa nzima aliinama na wembe mkononi, akipandikiza, akifunga kwa nailoni, akigombeza. Ndiyo, aligombeza miche pia. "Wewe nakupa maji kila siku na bado umelala," nilimsikia akiuambia mmoja.

Hasira yake ilikuwa na adabu zake. Hakutukana na hakuinua mkono. Harusi moja ya hapa sokoni, msimamizi wa sherehe alianza kutangaza mambo ya keki tukiwa katikati ya wimbo. Mwalimu alikunja ngumi hewani, na sisi sote tukakatika kama stima. Akamgeukia yule kijana akamwambia kwa upole, "Maliza kuongea. Sisi tutaimba ukichoka." Bibi harusi alicheka hadi shela ikamteleza. Msimamizi hakufungua kinywa tena mpaka chakula.

Na alikuwa na kinyume chake, kama sisi sote. Alitufukuza tukichelewa, lakini yeye mwenyewe alifika wa mwisho, udongo ukiwa magotini, akisema mazoezi huanza mwalimu akiingia. Alichukia uongo, lakini akienda kumwona mgonjwa alibeba avokado zilizoiva na kumdanganya waziwazi: "Umenenepa wewe! Hebu niachie hicho kitanda nilale mimi." Na mtu huyo aliyewatetemesha wanaume wa besi hakuweza kuchinja kuku. Mkewe ndiye aliyechinja, yeye akiwa amesimama nyuma ya nyumba hadi aitwe.

Habari ya ugonjwa wake alinipa mwenyewe, akiegemea kaunta yangu, kwa sauti ile ile ya kuagiza mbolea. Watu wa kukusanya damu walikuwa wamekuja Nunguni, naye akatoa ya kwake, kisha akapigiwa simu.

"Mama Mutheu, nina kirusi kwenye ini. Kinaitwa hepatitis B. Usiniulize nilikitoa wapi, hata daktari hajui."

"Sikuulizi, Mwalimu."

"Wengine watauliza."

Waliuliza. Daktari alikuwa amemweleza kwamba wengi hukipata wakizaliwa au wakiwa wadogo sana, na hukaa nacho miaka bila dalili yoyote. Hilo watu hawakulitaka, halikuwa na utamu. Walitaka lile la mwanamume na safari zake, ingawa safari za Mwalimu zilikuwa za kupeleka miche Mukuyuni na kurudi kabla ya mchana. Mkewe alipimwa, akaonekana hana, akachanjwa. Hilo nalo halikumzuia mtu kuongea. Na dawa aliyopewa Mwalimu ni ya aina ambayo hata wenye virusi vya ukimwi hutumia. Mtu mmoja alimwona nayo kwenye kemisti, na kabla Jumapili haijafika kanisa lote lilikuwa limempa ugonjwa mwingine.

Tulikuwa tunakunywa chai baada ya mazoezi. Jumamosi moja akina mama wa chai walimletea kikombe cha plastiki cha bluu, sisi wengine tukiwa na vya udongo. Akakiinua juu.

"Hiki ni cha nani?"

"Ni chako, Mwalimu," akasema mmoja, akiangalia birika.

"Aliyeninunulia ni nani? Nataka kumshukuru."

Alimwaga chai kwenye nyasi taratibu, akakirudisha kikombe juu ya trei, akasema turudie ubeti wa pili. Tangu siku hiyo hakunywa tena chai ya kanisa. Nakasirika hata sasa ninapoliandika, kwa sababu kirusi hicho hakipiti kwenye kikombe. Hupita kwenye damu, hupita kitandani, hupita kwa mama kwenda kwa mtoto anayezaliwa. Na yule mtu waliyemtengea kikombe ndiye aliyekuwa mwangalifu kuliko wote. Wembe wake wa kupandikizia hakuna aliyeruhusiwa kuushika, hata kwa dakika moja. Akijikata, alifunga kidonda kwanza, akauosha wembe, ndipo akashughulika na maumivu.

Lakini kilichomsumbua zaidi ni swali moja ambalo alidhani ni rahisi: dawa hizi nitakunywa mpaka lini?

Daktari wa kwanza alikuwa na foleni mpaka nje. "Endelea tu," alimwambia.

"Mpaka lini?"

"Tutaona."

Wa kemisti alimwambia miezi sita, kama ya kifua kikuu. Mwenye mizizi pale Mukuyuni alimwambia mvua hazitafika kabla hajapona. Dada yake alimpigia simu akamwambia ameze mpaka asikie nafuu, na Mwalimu akamuuliza, "Nafuu ya nini? Mimi sisikii kuumwa popote." Pasta wetu alimwekea mkono kichwani akamwambia leo.

"Mimi nikiwafundisha wimbo," aliniambia siku moja, akipiga kaunta kwa kidole, "nawaambia unaanzia wapi na unaishia wapi. Hata wewe ukiuza dawa ya ng'ombe unamwambia mtu siku za kumpa. Mimi ni mdogo kuliko ng'ombe?"

Na kulikuwa na ule mlango. Katika hospitali aliyokuwa akienda, dawa hiyo hiyo ilitolewa bure kwenye mlango mmoja kwa wagonjwa wa ukimwi, na ni haki yao. Mwenye kirusi cha ini peke yake alielekezwa mlango wa pili, akaambiwa akanunue. Mwalimu alisimama kati ya milango hiyo miwili, akasema kwa ile sauti yake ya kufikia viti vya nyuma, "Kwa hiyo mnataka nikaugue na ule mwingine ndipo mnihudumie?" Muuguzi alimwomba ashushe sauti. Hakujua anamwomba nani. Mwalimu aliinunua dawa miche ilipouzika, na isipouzika mkewe aliuza kuku, naye akameza hasira yake pamoja na vidonge. Lakini hakukosa hata siku moja.

Alienda hivyo miaka kadhaa. Kisha mtu mmoja mwenye kliniki yake ndogo alimpima damu, akamwambia kirusi hakionekani.

"Umepona, mzee. Acha hizi dawa, unaharibu figo bure."

Sijawahi kumwona Mwalimu akicheza, ila siku hiyo. Alivuka barabara bila kuangalia pande zote, akaingia dukani, akanishika mikono yote miwili tukazunguka katikati ya magunia ya chakula cha kuku. "Hakionekani! Mama Mutheu, haki-o-ne-ka-ni!" Jumapili pasta alimsimamisha mbele atoe ushuhuda. Kanisa lilipiga vigelegele. Wale wale wa kikombe cha bluu walikuja kumkumbatia.

Nataka mtu aniambie huyo mwenye kliniki alisomea wapi, na ni nani aliyempa ruhusa. Hakuuliza Mwalimu ana ini la namna gani. Hakumwambia arudi apimwe tena baada ya kuacha. Alisema neno moja tamu, akaita anayefuata.

Miezi ilipita. Asubuhi moja Mwalimu alisimama mlangoni kwangu kuomba chenji, na mwanga wa nje ukampiga usoni. Macho yalikuwa manjano kama kiini cha yai. Akasema ni malaria. Kabla ya wiki kwisha tumbo lilikuwa limejaa, miguu imevimba, na anasahau maneno ya nyimbo alizotufundisha mwenyewe. Mimi na mkewe tulimpeleka hospitali kubwa, mbali na hapa, amelala kiti cha nyuma cha gari la jirani akiuliza kila mara kama tumefika mji wa Salama.

Huko alikaa sana. Kuna siku mkewe aliniambia nisimpigie tena simu, atanipigia yeye, na nilielewa maana yake. Lakini walimrudishia dawa ile ile, na polepole akarudi, amekonda, sweta ikimning'inia.

Nilikuwapo siku daktari aliyemtibu alipokuja kumweleza. Alikuwa mama wa makamo, mchovu, na alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuna daktari mwingine aliyekuwa amelifanya.

"Mwalimu, kutoonekana kwenye damu si kutoka," alisema. "Kinajificha ndani ya ini. Dawa inakikandamiza. Ukiondoa mkono, kinaweza kuinuka, na kwako kiliinuka na hasira."

"Kwa hiyo hakuna anayeacha?"

"Wapo. Wachache. Baada ya muda mrefu, vipimo fulani vikiwa vimebadilika, na ini likiwa halina makovu. Hata hao hatuwaachi hivi hivi, tunawapima tena na tena. Wewe ulikuwa unaangaliwa na nani?"

Mwalimu alikunja ukingo wa blanketi.

"Sasa ini lako lina makovu. Kwako wewe hakuna kuacha. Ni maisha yako yote."

Niliangalia mikono yake juu ya blanketi, nikadhani atalia. Badala yake alikasirika, na mimi nikafurahi, kwa sababu nilijua amerudi.

"Kwa nini hakuna aliyeniambia hivyo siku ya kwanza? Ningekasirika siku moja nikamaliza!"

"Pole sana," akasema daktari. Na alimaanisha.

Mwalimu alipopata nguvu alimwendea pasta akaomba asimame mbele arekebishe ushuhuda wake. Pasta akamwambia ushuhuda ulikuwa wa kweli, ila baadaye mashaka yaliingia, na si vizuri kuwavunja watu moyo. Mwalimu alinisimulia hayo mwenyewe. Jumapili hiyo alipanda na kwaya, akainua mkono tuanze, kisha akaushusha, akageuka.

"Niliwaambia hapa kwamba nimepona. Sikuwa nimepona. Niliacha dawa na karibu nife. Mtu yeyote asiache dawa kwa sababu ya maneno yangu. Sasa tuimbe."

Tuliimba. Wiki iliyofuata ilitangazwa kwamba Mwalimu atapumzika kwa sababu ya afya yake, na kwaya akapewa kijana wa kinanda. Hawakumpa hata nafasi ya kuaga. Miaka yote ile aliyotupigia kelele, akatufundisha kupumua, akazika wazazi wetu kwa sauti zetu wenyewe, iliishia kwenye tangazo lililosomwa kati ya mkutano wa vijana na ukarabati wa choo. Nusu ya kwaya tulihamia kwenye kibanda chake cha miche. Tuliimba huko Jumamosi, tumesimama kati ya avokado, naye akatusifu kwa njia yake: akavaa kofia akaingia nyumbani.

Kati ya watu aliowafundisha, aliyempenda zaidi alikuwa besi mmoja, tukimwita Baba Kioko. Alikuwa amehamia Salama kuziba magurudumu ya malori barabara ya Mombasa. Baada ya Mwalimu kutoka hospitali alituamuru sote tukapimwe, na Baba Kioko akapatikana na kirusi hicho hicho. Akaanza dawa. Mwalimu alimpigia simu bila kuchoka, akimfokea kwanza, kisha akimuuliza habari za watoto.

Halafu Baba Kioko akaingia kanisa lingine hapo Salama, ambako watu waliambiwa walete vidonge vyao madhabahuni. Akavipeleka. Mwalimu aliposikia alinikuta naenda Salama kupokea mizigo yangu, akapanda nami.

Tulimkuta amekaa juu ya gurudumu, mafuta hadi viwiko. Mwalimu hakufoka. Ndiyo mara pekee niliyomwona akibembeleza mtu.

"Baba Kioko, rudi kwenye dawa. Nakuomba."

"Mwalimu, mimi nimefunguliwa."

"Kumbuka macho yangu yalivyokuwa. Uliniona."

"Nilikuona. Lakini wewe ulishuku." Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Mimi sishuku."

Tulirudi Nunguni. Mwalimu alishika magoti yake njia nzima.

Baba Kioko alizikwa kabla mwaka haujaisha. Mazishi yalikuwa kwao, chini ya mlima upande wa Mukuyuni, na familia ikaomba kwaya ya Mwalimu iimbe. Mhubiri aliyetoka Salama, yule yule wa madhabahu, alishika kipaza sauti akasema Mungu amechuma ua lake kwa bustani ya juu. Watu wakaitikia amina. Tukaitwa.

Mwalimu alisimama mbele yetu, akainua mkono. Kisha akaushusha, akawageukia watu.

"Huyu hakuchumwa," akasema. "Huyu aliachishwa dawa. Alikuwa na kirusi cha ini kama mimi, alikuwa na dawa kama mimi, na mimi niko hapa. Vidonge vyake viliachwa pale mbele ya kanisa kama takataka, na aliyevipokea ndiye amemaliza kutuhubiria."

Kelele zikaanza. Mtu mmoja alikimbia akazima kipaza sauti, kana kwamba Mwalimu alikuwa amekitumia. Kaka mkubwa wa marehemu akasema, "Mzee, tuheshimu maiti!"

"Mimi namheshimu. Nilimfundisha tangu sauti yake haijavunjika. Nyinyi ndio mnamzika na uongo."

Nilidhani watampiga. Vijana wawili walikuwa wameshaanza kumsogelea. Ndipo mjane akasimama. Alikuwa amekaa mstari wa mbele na leso nyeusi, hakuwa amesema neno tangu asubuhi, na alipoinuka vijana walisimama walipokuwa.

"Mwalimu," akasema. "Mimi niliambiwa ni vidonda vya tumbo."

Akapiga hatua moja mbele.

"Huo ugonjwa unapita kwa mke?"

Hasira yote ilimtoka Mwalimu usoni. Alivua kofia, akapita katikati ya wale vijana, akaenda akachuchumaa mbele yake ili asimwangalie kutoka juu.

"Unaweza kupita, mwaitu. Lazima upimwe. Nitakupeleka mimi."

Kwa Kikamba mwaitu ni mama, naye alikuwa mdogo wa kuwa binti yake.

Tuliimba baadaye. Mhubiri alikuwa ameshaondoka na gari lake.

Jumatatu tulikutana watatu hospitalini, katika mji ambao sitautaja kwa sababu sitaki mtu aseme namsifu au namshtaki. Mwalimu alifika wa kwanza, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani. Alikuwa amevaa shati la harusi. Mjane alitolewa damu, tukakaa kwenye benchi. Mwalimu hakuacha kusugua ukingo wa kofia yake. Mara mbili aliinuka kwenda kuuliza kwa nini wanachelewa, na mara mbili mjane alimvuta mkono akamkalisha.

Muuguzi alimwita mjane ndani peke yake. Alipotoka alikuwa amekandamiza pamba kwenye mkono wa juu.

"Sina," akasema. "Wamenichoma sindano ya kwanza ya kinga. Niko na nyingine za kurudia. Na watoto nitawaleta waangaliwe."

Nilimkumbatia. Nilipogeuka, Mwalimu hakuwepo kwenye benchi.

Nilimpata nyuma ya jengo, karibu na tangi la maji, ameegemea ukuta kwa paji la uso. Mabega yale mapana yalikuwa yanatikisika. Miaka yote ile, kwenye mazishi yote yale, sikuwa nimemwona akilia.

"Amekufa bure," akasema bila kugeuka. "Mama Mutheu, yule mtu amekufa bure. Kidonge kimoja kwa siku! Kidonge kama punje ya mahindi!" Alipiga ukuta kwa kiganja. "Nilitakiwa kulia au kupigana? Niambie. Mimi sijui tena."

Nilisimama tu hapo na kofia yake, niliyoiokota chini.

Mjane alikuja nyuma yangu. Alimwangalia kidogo, pamba bado ikiwa mkononi. Kisha akachukua ile kofia kutoka kwangu, akaipangusa vumbi kwa leso yake ya msiba, akamvisha Mwalimu mwenyewe kama mtu anavyomvisha mtoto wa shule.

"Twende tukale kwanza, Mwalimu," akasema. "Kulia tutalia tukishashiba."